Mahali Alipofia Haruni

Tulipomzika Mwalimu Joel kule Sosiot mwezi uliopita, Chelangat alisimama mbele ya watu, akashika maikrofoni kama mtu anayeshika kuku asimponyoke, akaanza kunisifu kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilikuwa nimekaa kwenye hema la pili pamoja na wageni waliotoka mbali, magoti yakiniuma kwa sababu ya viti vile vya plastiki. Alisema marehemu alikuwa mwinjilisti wetu tulipokuwa wasichana tukichuma chai, na kwamba alikuwa mtu asiyeona haya kusema hajui. Siku moja, akasema, swali la Biblia lilimshinda kabisa, likajibiwa na msichana wa Kisii aliyekuwa akiishi chumba kimoja na yeye Chelangat. "Yule pale! Kerubo, simama watu wakuone." Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Nikakaa. Wengi wao waliijua hadithi hiyo tayari, maana Mwalimu mwenyewe aliisimulia kwa miaka mingi, na ilikuwa imeandikwa hata kwenye karatasi ya wasifu wake, chini ya picha, aya ya nne. Shida ni moja tu. Jibu lile halikuwa langu. Lilikuwa la Chelangat. Mimi nililichukua, likanipa kazi ya uuguzi niliyoifanya miaka thelathini na minne, naye akabaki na kikapu mgongoni.

Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika Kericho naziacha. Kila Mkisii aliyewahi kuchuma chai anazo za kwake na zinafanana. Nianze na chumba. Kilikuwa cha nne kutoka kwenye mfereji wa maji, katika safu ya vyumba kumi na viwili tulivyoviita kambi, na kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka kwa sababu mtu wa zamani alilipigilia misumari. Vitanda viwili, jiko la makaa, kamba ya kuanikia aproni, na sanduku langu la bati ambalo ndilo lililokuwa meza. Kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akisonga ugali ulijua kama umeshika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Chelangat akiwa mdogo wangu kwa miezi minne. Yeye alitoka upande wa Sotik, kwa hiyo kwetu na kwao hapakuwa mbali, mpaka tu wa wilaya. Lakini ungetusikia tukigombana juu ya mboga ungedhani tumetoka nchi mbili. Mimi nilitaka saga, ile mboga chungu ya kwetu, ichemke mpaka uchungu uishe. Yeye aliimwagia maziwa mapema, akisema sisi Wakisii tunaua mboga mara mbili, shambani na kwenye sufuria. Chakula alikigawa yeye. Alikata ugali kwa uzi, akageuza sahani, akasema, "Chagua wewe kwanza," ili nisimshuku. Alikuwa mtu wa haki kupita kiasi, na nakubali kwamba wakati mwingine ilinikera.

Mwaka ule tulikuwa kwenye darasa la ubatizo. Mwalimu Joel alitufundisha kila Jumamosi mchana nyumbani kwake, nyumba ya mbao nyuma ya kanisa la mabati, tukiwa saba na sisi wawili ndio tuliomaliza kidato cha nne. Mwishoni mwa kila mwaka mchungaji alikuja kutoka mjini, akakaa mbele ya kanisa zima, akawahoji wanafunzi mmoja mmoja. Hilo watu walilingoja kuliko Krismasi. Aliyeshindwa alirudi darasa mwaka uliofuata, na kambi nzima ilijua. Lakini aliyejibu vizuri kuliko wote, kama alikuwa na cheti cha shule, mchungaji alimwandikia barua ya kwenda kusomea uuguzi kwenye hospitali ya misheni. Barua moja kwa mwaka. Tuliitaka wote wawili, na hatukufichana. Chelangat alikuwa na alama nzuri kunishinda. Mimi nilikuwa na mdomo. Nitasema wazi, kwa kuwa sasa sina la kuogopa: niliutaka ubatizo, lakini ile barua niliitaka zaidi.

Mchungaji yule alikuwa mgonjwa wa safari za Waisraeli jangwani. Kila mwaka aliuliza vituo vyao, kutoka Ramesesi mpaka ng'ambo ya Yordani, na vituo hivyo, kwa wasiowahi kuhesabu, ni arobaini na kitu, na majina yake yanavunja meno. Chelangat ndiye aliyebuni njia ya kuvishika. Mashamba ya chai yamegawanywa vipande, kila kipande na namba yake, na wachumaji huvizunguka kwa raundi: leo cha nane, kesho cha tisa, mpaka majani ya cha kwanza yawe yameota tena mnarudi mwanzo. Basi tukakipa kila kipande jina la kituo cha Biblia. Tulipoingia cha kumi na moja tukaweka fito zetu juu ya miti ya chai ili tuchume kwa kimo kimoja, na huku mikono inakwenda tunaimba, Moserothi. Tulipohamia cha kumi na mbili, Bene-yaakani. Wachumaji wengine walidhani tumerukwa na akili. Nyapara wetu alikuwa mzee wa Kikuyu kutoka Fort Ternan asiyekwenda kanisa lolote, lakini baada ya miezi miwili naye alikuwa akipiga kelele, "Nyinyi wa Moserothi, mbona kikapu kimejaa mashina? Nataka majani mawili na ncha, sio kuni!"

Ugomvi ulianza na Haruni, nduguye Musa. Jioni moja tulikuwa tunakula, mimi nikisoma kitabu cha Hesabu na yeye akisoma Kumbukumbu la Torati, taa ya koroboi katikati, nikasema kwa sauti kwamba Haruni alifia mlima wa Hori. Chelangat akasema hapana, alifia Mosera. Nikamwambia asome vizuri. Akaniambia nisome vizuri mimi. Tukabadilishana vitabu, kila mmoja akiwa na hakika atamwaibisha mwenzake, tukasoma. Wote tulikuwa sawa. Kitabu kimoja kilimzika Hori, kingine kilimzika Mosera. Na si hilo tu. Kwangu watu walitoka Moserothi wakaenda Bene-yaakani. Kwake walitoka Bene-yaakani wakaenda Mosera, ambayo ndiyo Moserothi ile ile. "Basi mmoja amekosea," nikasema. "Mmoja nani? Vitabu vyote viwili si vya Musa?" akaniuliza. Jirani akagonga ukuta. "Nyinyi wasichana! Huyo mtu amekufa zamani, mwacheni alale, na sisi tulale!"

Jumamosi tukampelekea Mwalimu Joel. Nakumbuka chumba kile vizuri kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye: kiti cha kamba alichokalia yeye, benchi letu, kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, kimetundikwa msumarini, na mama mwalimu, mkewe, akiingia na birika la chai yenye maziwa mengi hata haikuwa na rangi. Mwalimu alisoma kule, akaweka kidole. Akasoma huku, akaweka kidole kingine. Akabaki hivyo, vidole viwili kwenye kurasa mbili. Mimi nilitaka anipe mimi haki. Mwishowe akasema, "Sijui." Akavuta daftari kutoka chini ya mto wa kiti, akatuonyesha. Kumbe alikuwa anayo mengine ya aina hiyo, ameyaandika kwa penseli kwa miaka. Nani aliamua wapelelezi watumwe Kanaani? Hesabu inasema Mungu alimwagiza Musa. Kumbukumbu la Torati inasema watu ndio waliomwomba. Waedomu waliwafanyia nini Waisraeli? Mahali pamoja walitoka na upanga wakawanyima njia, mahali pengine hao hao, wakiitwa wana wa Esau, wanatajwa kama watu waliowauzia chakula na maji. Kando ya kila swali alikuwa ameacha nafasi ya jibu, na nafasi nyingi zilikuwa tupu. Mama mwalimu akasimama na birika lake. "Sasa mchungaji akiwauliza hawa watoto, watasema nini?" Mwalimu akasema, "Watasema mwalimu wao hajui. Kwani ni uongo?" Mama mwalimu akaguna na kurudi jikoni. Tulimsikia huko akimwambia jirani kwa Kikipsigis, lugha ya akina Chelangat, maneno ambayo Chelangat alikataa kunitafsiria.

Mwezi wa tisa mvua ilinyesha vibaya, na chai ya chini karibu na mto ikaota haraka kuliko ya juu. Nyapara akageuza raundi. Badala ya kuanzia juu tukaanzia mtoni, cha kumi na mbili kabla ya cha kumi na moja. Jumamosi ile Mwalimu alimwita Chelangat aseme vituo, na yeye, kwa mazoea ya wiki nzima, akavisema kama tulivyochuma: Bene-yaakani, halafu Moserothi. Darasa likamcheka. Nami nilicheka, tena sana. Lakini Jumatatu, tukiwa bado kipande cha kumi na moja, alisimama ghafla na kikapu mgongoni, mkono umejaa majani. "Kerubo, mimi sikukosea," akasema. "Sikiza. Mtu akiuliza raundi iliyopita, cha kumi na moja ndio kilitangulia. Akiuliza raundi hii, ni cha kumi na mbili. Hakuna mwongo hapo. Tumepita mara mbili. Na hawa walizunguka miaka arobaini, kwa nini wapite mahali mara moja?" Nikamwambia Haruni hakufa mara mbili. Akafikiria kidogo, akasema, "Yule mama aliyeumwa na nyoka mwaka jana, aliumwa wapi?" Nikasema mtoni. Nyapara aliyekuwa anapita akasema, "Kipande cha kumi na mbili, mimi ndiye niliandika." Chelangat akapiga kofi la furaha, majani yakamwagika. Mto uko ndani ya kipande. Basi, akasema, Mosera ni kipande, Hori ni mlima ulio humo. Mimi nikamwambia, "Wewe nawe, Biblia si shamba la chai." Lakini nilijua amepata. Akaniomba nisimwambie Mwalimu. Alitaka kumshangaza siku ya mahojiano.

Sijui wasomi wanasemaje juu ya jibu lile. Baadaye niliwahi kumsikia kasisi mmoja mgonjwa, kitanda cha sita, akisema wengine wanalikubali na wengine wanalicheka, na kwamba majina ya kale hayaaminiki. Na iwe hivyo. Mwaka ule, katika kanisa la mabati, lilikuwa jibu la kutosha.

Siku ya mahojiano tulingojea jikoni kwa mama mwalimu ili tusisikie majibu ya wenzetu. Mchungaji aliita kwa umri, mkubwa kwanza, na mkubwa nilikuwa mimi. Sikupanga. Nataka hilo lijulikane, ingawa najua halinisaidii. Niliingia nikiwa na gauni la kuazima, nikajibu habari za mana, za kware, za nyoka wa shaba. Ndipo mchungaji akauliza, "Haruni alifia wapi?" Nikasema Hori. Akafungua Kumbukumbu la Torati, akanisomea, akauliza, "Sasa binti, tumwamini nani?" Mwalimu Joel alikuwa amekaa pembeni, anatazama mikono yake. Ningesema sijui, na ingekuwa kweli ya mwalimu wangu na yangu. Lakini nilimwona mchungaji ameshika kalamu, nikasema, "Mchungaji, sisi wachumaji tunazunguka." Nikasema yote. Raundi, mvua, cha kumi na moja na cha kumi na mbili, hata mama wa watu na nyoka wake. Nililisema vizuri kuliko Chelangat alivyolisema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahia kulisema. Kanisa liliitikia "Amina!" Mchungaji alipiga meza. Mwalimu Joel akanitazama, macho yamejaa maji.

Nikapewa nafasi kwenye benchi la mbele. Wakamwita Chelangat. Aliingia ananuka moshi wa jikoni, ametabasamu tangu mlangoni, maana alikuwa na zawadi yake kwa Mwalimu. Mchungaji akauliza lile lile. Chelangat akavuta pumzi, akasema, "Mchungaji, sisi wachumaji tunazunguka." Watu wakaangua kicheko. Hakuelewa kwa nini. Akaendelea maneno machache, sauti ikaanza kupungua. Mchungaji hakuwa mkali, alisema tu, "Binti, hayo tumeyasikia sasa hivi, neno kwa neno. Nani kamfundisha nani?" Chelangat akageuka akanitafuta. Mimi nikatazama sakafu. Ilikuwa ya udongo uliopakwa samadi, na kulikuwa na chungu aliyebeba kitu. Nilimsikia akisema, "Tulizungumza pamoja, mchungaji." Tukabatizwa wote wawili. Barua nikaandikiwa mimi.

Jioni ile alipika yeye. Akakata ugali kwa uzi, akageuza sahani, akasema nichague kwanza. Nilingoja anitukane, nilikuwa hata nimeandaa majibu, na hakunitukana. Tulikaa mpaka Januari tukizungumza habari za maji, za makaa, za nani ameolewa. Siku ya kuondoka alinibebea sanduku mpaka barabarani. Baada ya hapo nilimwona mara moja moja Sotik, yeye akiuza maziwa siku zake za mapumziko, tukasalimiana na kuulizana watoto. Alichuma chai mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa na watu wakarudishwa nyumbani. Mwalimu Joel nilimtembelea karibu kila mwaka, na kila mara, akiwa na mgeni, alimwambia, "Huyu ndiye aliyejaza daftari langu." Mimi nikasema, "Bwana asifiwe." Miaka yote hiyo! Nimewaambia wagonjwa kwamba watakufa, nimewaambia wazazi kwamba mtoto amekwisha, sikukosa ujasiri hata siku moja. Hili dogo lilinishinda.

Kwa hiyo pale Sosiot, mshereheshaji aliponiletea maikrofoni niongeze neno, niliona ndiyo nafasi. Nikasema, "Ndugu zangu, dada yangu Chelangat amenisifu bure. Jibu lile lilikuwa lake. Mimi nilimwibia, na barua ya uuguzi ilikuwa yake." Watu wakageukiana. Kisha Chelangat akacheka kwa sauti kutoka alipokuwa. "Msimsikize huyu! Uzee umemshika, ameanza kusahau. Ni yeye!" Watu wakacheka kwa ahueni, mshereheshaji akasema muda unatubana, kwaya ikaitwa. Kila mtu aliondoka akiamini alichokuja nacho.

Tulikutana kwenye chakula. Wali, nyama, kabichi. Alikuja na sahani yake akakaa kando yangu, na kicheko kilikuwa kimemwisha. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini umenifanyia hivi?" Nikasema kwa sababu ndiyo kweli. "Kweli naijua. Unafikiri nimesahau? Ile siku nakumbuka mpaka kifungo cha gauni lako. Kerubo, nilikuchukia miaka sita. Nikichuma nakuchukia, nikipima nakuchukia. Kifungua mimba wangu nilimzaa nikikuchukia. Ikaanza kunimaliza, chakula hakipiti. Halafu siku moja watu wakaniuliza, si ni wewe ulikuwa ukiishi na yule msichana wa jibu la Haruni? Nikasema ndiyo, ni yeye, alikuwa na akili sana. Nikaona nimelala usiku mzima. Nikasema tena, na tena. Watoto wangu wanajua hivyo. Hata mimi siku nyingine nilikuwa naamini."

Nilimwambia anisamehe. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo kwake, na lilitoka dogo.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Hadithi hiyo ndiyo ilikuwa msamaha wenyewe. Sasa umesimama mbele ya watu dakika mbili, umenirudishia yote." Akakusanya wali wake kwa kijiko upande mmoja wa sahani, hakuula. "Itabidi nianze tena."

Nikamuuliza kama kuna namna naweza kumsaidia. Alinitazama bila hasira, kama ambavyo nimewatazama wagonjwa wengi.

"Hapana, mama," akasema. "Wewe nenda nyumbani."